Gari la otomatiki likichelewa kuingiza gia au likipiga teke: pa kuanzia kabla ya kung'oa giaboksi

Mwanza ni mji mgumu kwa giaboksi za otomatiki. Gari linalopanda Bugando asubuhi, likazungukia Isamilo mchana, jioni likarudi kulala mtaani kwenye mteremko wa mawe, linaifanyisha giaboksi kazi ambayo gari la tambarare kama Shinyanga haliijui. Kasoro ndogo huku hujionyesha mapema. Na ikishajionyesha tu, gereji nyingi zina jibu moja: "Bosi, giaboksi imekufa hiyo, tafuta nyingine."

Mara nyingi haijakufa. Imepungukiwa oili, au imewekewa oili isiyo yake, au mauntini ya injini (mpira unaoibeba) imepasuka na giaboksi inasingiziwa. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio wa gharama: kwanza yale usiyolipia kitu, kisha ya bei ndogo, na giaboksi yenyewe inafunguliwa mwisho kabisa. Ukiruka hatua unaweza kununua giaboksi ya mtumba, ukaifunga, na gari likaendelea kupiga teke vilevile.

Jua una giaboksi ya aina gani

Magari mengi ya huku yametoka Japani yakiwa yametumika, na yana giaboksi za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida, yenye gia zinazohesabika: nne kwa magari ya zamani, sita kwa mengi ya karibuni. IST ya kwanza iliyoanza kuuzwa 2002 ina gia nne, na Spacio, Raum na X-Trail ya kizazi cha kwanza ni hivyohivyo. Ya pili ni CVT. Hii haina gia za kupanda na kushuka. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kujibana. Premio ya kuanzia 2007, X-Trail ya petroli ya kuanzia mwaka huohuo na Passo ya 2010 kuendelea ni CVT.

Kama huna uhakika, tafuta kibati cha gari kwenye boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa Toyota utaona humo msimbo wa giaboksi: ukianza na herufi K ni CVT, ukianza na A au U ni otomatiki ya gia. Upige picha na uuhifadhi kwenye simu. Utauhitaji dukani, utauhitaji kwa fundi, na utauhitaji sana siku ya kutafuta giaboksi nyingine.

Tofauti hii si ya maneno tu. Oili ya giaboksi ya gia ikiingia kwenye CVT, mkanda unateleza juu ya puli, chuma kinakwaruza chuma, na baada ya hapo hakuna oili itakayokirudisha.

Itaje dalili vizuri

Ukimwambia fundi "gari linasumbua gia" umemwachia abahatishe. Endesha mwenyewe ukiwa umezima redio na kiyoyozi, halafu jiulize: linafanya hivi likiwa la baridi, au likishapata moto? Kwenye gia gani? Ukikanyaga mafuta kidogo, au mengi? Mlimani tu, au hata tambarare?

Anza na kipimo cha kuchelewa kwa gia, ambacho unahitaji saa ya simu tu. Tafuta mahali tambarare. Barabara ya uwanja wa ndege ukishapita Pasiansi inafaa kuliko kilimani. Injini iwe imepata moto. Kaza breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, toa N uweke D, kisha hesabu hadi utakaposikia gari limetulia ndani ya gia. Toyota wanataka isizidi sekunde 1.2 kwa D na sekunde 1.5 kwa R. Rudia mara mbili tatu, ukipumzika dakika moja kati ya kipimo na kipimo.

Ikichelewa kwenye D na R zote, fikiria oili kupungua, filta kuziba au pampu kuchoka. Ikichelewa upande mmoja tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba klachi (sahani za ndani zinazoshika gia) za upande huo zimelika au sili zake zimekauka. Ikichelewa asubuhi peke yake, kisha ikawa nzuri kutwa nzima, oili ipimwe kabla ya jambo lingine lolote.

Teke la kutoka P kwenda D au R, huku gia za njiani zikibadilika laini, mara nyingi si la giaboksi. Hilo tutalirudia.

Teke la gia moja tu, tuseme kila inapotoka ya pili kwenda ya tatu, huelekeza kwenye solenoidi (valvu ndogo za umeme zinazoelekeza oili) au valvu bodi (bamba lenye njia za oili ambamo solenoidi zinakaa). Mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) ukipanda na mwendo usipande, giaboksi inateleza. Usiendelee kulipandisha gari Bugando kwa matumaini, maana kila mteleko unachoma klachi.

Kuna dalili nyingine watu wanaichanganya sana: gari linatetemeka kama linapita juu ya rasta, ukiwa kwenye mwendo wa 50 hadi 80 na mguu mwepesi kwenye mafuta. Ukitoka Kisesa kuelekea Magu, barabara inapofunguka, ndiyo sehemu ya kuisikia. Huenda ni klachi ya ndani ya toki konveta (kiungo chenye oili kati ya injini na giaboksi) inayoshindwa kushika vizuri, na huenda ni injini inayomisi. Kuzitenganisha ni rahisi. Likianza kutetemeka, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa tu, bila kuondoa mguu wa kulia kwenye mafuta. Ukigusa breki, kompyuta huiachia klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika palepale, ni konveta au oili iliyochoka. Ukiendelea, angalia plagi na koili. Fanya hivyo barabara ikiwa tupu nyuma yako, si kukiwa na basi la Musoma limekuganda.

Pima oili jinsi inavyotakiwa

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Oili ya injini tunaipima gari likiwa limezimwa. Oili ya giaboksi ya otomatiki, kwa magari mengi, inapimwa injini ikiunguruma na giaboksi ikiwa ya moto. Endesha dakika ishirini hivi za mjini, simama mahali tambarare, kanyaga breki, kisha pitisha gia zote taratibu kutoka P hadi L, kila moja ukiiacha sekunde mbili tatu, halafu rudi P. Bila kuzima injini, chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena usome. Kina alama za baridi na alama za moto, COLD na HOT. Soma kwenye HOT. Hizo za COLD ni za makadirio tu.

Honda wana utaratibu wao: likishapata moto unazima injini, kisha unapima ndani ya dakika moja au moja na nusu. Ukilipima Honda likiunguruma utapata jibu lisilo sahihi.

Na magari mengine hayana kijiti kabisa. Toyota nyingi zinazotumia oili ya WS zina bolti ya kufurikia chini ya giaboksi, na oili inapimwa ikiwa kwenye nyuzijoto karibu 40, kwa kusoma mashine. Ikichuruzika kwa matone inatosha. Hiyo si kazi ya kando ya barabara. Mpelekee fundi mwenye mashine na mahali pa kulinyanyua gari likae sawa, mbele na nyuma.

Sasa tazama oili yenyewe. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ya chooni uliache dakika chache. Oili nzima ina wekundu unaopenya mwanga na inatawanyika taratibu kwenye karatasi. (CVT nyingine zina oili ya kijani au ya rangi ya asali tangu mwanzo, kwa hizo linganisha na oili mpya ya chupa.) Ikiwa ya kahawia imechoka lakini bado ina tumaini. Ikiwa nyeusi, tone likabaki katikati bila kutawanyika, na likanuka mkate ulioungua, klachi zimeshaungua. Vipande vya chuma vinavyong'aa vikionekana kwa macho kwenye kijiti, habari ni mbaya.

Ikiwa ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari palepale. Maji yameingia. Njia ya kwanza ni rejeta: magari mengi yanapitisha oili ya giaboksi ndani ya tanki la rejeta ili ipoe, na mabomba hayo yakioza, maji na oili vinakutana. Kutumia maji matupu badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), tabia iliyoenea sana huku, ndiko kunakoozesha. Njia ya pili ni mafuriko. Mto Mirongo ukifurika Mabatini, watu wanajaribu kupita na maji yamefika mlangoni, na giaboksi ina tundu la kupumulia ambalo maji yanaingilia. Kuliingiza gari ziwani ili lioshwe kunaleta shida hiyohiyo, tena na soketi za umeme zinaanza kutu. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo kama giaboksi haikushawishi, hiyo ikushawishi.

Oili ikiwa chini ya alama, ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa mara, ukipima kila mara. Na ujue giaboksi haili oili. Ikipungua inavuja: angalia sili za ekseli, sampo (beseni la oili chini ya giaboksi), na mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Ikizidi nayo ni tatizo, inapigwa povu, povu linaingiza hewa, na giaboksi inateleza kana kwamba oili ni pungufu.

Vitu vya nje vinavyosingiziwa giaboksi

Mauntini ni za kwanza. Hizo ni mpira na chuma vinavyobeba injini na giaboksi. Kwenye barabara zetu za mawe hupasuka mapema, na zikipasuka injini inaruka kila unapoweka gia. Fungua boneti, mtu mmoja akae ndani akiwa amekaza breki ya mkono na kukanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, wewe usimame pembeni ya gari, kamwe si mbele wala nyuma. Aweke D, atulie, aweke R, atulie. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiinuka kwa kishindo na ukasikia "go!" ya chuma, umepata teke lako. Angalia na mauntini ya chini inayozuia injini isiyumbe mbele na nyuma, maana hiyo ndiyo inayosahaulika.

Ya pili ni RPM ya gari likiwa limesimama. Ikiwa juu kuliko kawaida, tuseme 1,200 badala ya 700 au 800, gia itaingia kwa kishindo hata giaboksi ikiwa mpya. Throtoli bodi (mlango wa hewa ya injini) chafu, au bomba la hewa lililopasuka, huleta hilo. Osha throtoli kwa dawa yake, kwa kitambaa laini, bila kuikwangua.

Ya tatu ni injini isiyo na pumzi. Gari linalosita ukilikanyagia mafuta kwenye mzunguko wa barabara, kisha likaruka mbele, mara nyingi lina plagi zilizokwisha, koili moja mbovu, filta ya hewa iliyojaa vumbi, au pampu ya petroli iliyochoka. Kompyuta ya giaboksi huamua wakati wa kubadili gia kwa kutazama injini, na injini ikidanganya giaboksi nayo inakosea. Filta ya hewa uitoe uitazame kwenye jua. Usipoona mwanga, badilisha.

Betri dhaifu na waya wa bodi wenye kutu huwavuruga watu sana. Umeme ukishuka, solenoidi hazifunguki vizuri. Kabla ya kununua solenoidi, safisha vichwa vya betri na pale waya hasi unapokamata bodi.

Taa za dashibodi na mashine ya kusomea

Kwenye Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) ikianza kupepesa bila wewe kugusa kitufe, giaboksi imeandika kosa. Wengi wanaiona, wanadhani wamebonyeza bahati mbaya, wanaendelea na safari. Giaboksi za gia zikiona kosa kubwa hujifungia kwenye gia moja, kwa kawaida ya tatu au ya nne, ili ufike gereji. Gari likianza kuondoka zito ghafla na halibadili gia, ni hilo.

Mwombe fundi umeme asome giaboksi, si injini peke yake, na akuonyeshe misimbo kwenye kioo. P0700 peke yake haisemi kitu; ni tangazo kwamba giaboksi ina kosa lake mahali pengine. P0705 ni swichi inayoiambia kompyuta mkono wa gia uko wapi. P0741 ni klachi ya konveta. P0750 na zinazofuatia ni solenoidi. P0218 ni joto kupita kiasi. Magari ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi hayazungumzi na vile visomaji vidogo vya bei rahisi vya simu, kwa hiyo kisomaji kikisema "hakuna kosa" kwenye IST ya 2003 usikiamini haraka.

Fundi akifuta misimbo kabla hujaiona na kuiandika, amekufutia ushahidi. Mwambie mapema, kwa heshima, "Fundi, tusifute kwanza."

Kubadilisha oili, hatua kwa hatua

Kama oili ni ya kahawia na giaboksi haitelezi, kazi hii peke yake huondoa teke nyingi.

1. Nunua oili inayotakiwa na gari lako, si "ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya magari yote". Kwenye Toyota nyingi jina limechorwa kwenye kijiti chenyewe: T-IV au WS. Honda zilizokuwa zikitumia Z-1 sasa hutumia DW-1. CVT za Nissan zinataka NS-2 au NS-3 kutegemea gari, na za Toyota zinataka TC au FE. Oili feki zipo sokoni, kwa hiyo nunua duka linalotoa risiti na kagua mfuniko kama haujawahi kufunguliwa.

2. Lipashe gari joto kidogo, oili iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Lisimamishe tambarare, liinue kwa jeki, liweke juu ya stendi imara. Mawe na matofali si stendi, hata kama mtaa mzima unayatumia.

3. Hakikisha bolti unayoifungua ni ya giaboksi. Kwenye Subaru, bolti ya sampo ya giaboksi na ile ya difu ya mbele zimekaa jirani, na mafundi wengi wamemwaga oili ya difu, wakajaza giaboksi juu ya oili iliyokuwa imejaa. Oili ikitoka nzito na yenye harufu kali ya kiberiti, funga haraka, siyo hiyo.

4. Kinga oili kwenye beseni safi, kisha ihamishie kwenye chupa za maji za lita moja na nusu. Usiidharau hatua hii. Ukijua zimetoka lita tatu, utarudisha lita tatu, na hutakisia.

5. Kama sampo haijawahi kufunguliwa, ifungue. Ndani utakuta sumaku ndogo. Ute wa kijivu laini kama masizi juu yake ni wa kawaida; vipande na nyuzi za chuma si vya kawaida. Badilisha filta na gasketi. Futa sumaku, rudisha mahali pake. Bolti za sampo ni ndogo na zinataka mkazo mdogo, karibu mita-newtoni 7 au 8, kwa hiyo tumia spana fupi na ukaze kwa kuvuka, moja huku na nyingine upande wa pili. Silikoni nyingi usiweke, maana ikibanduka inakwenda kuziba filta uliyoinunua leo.

6. Jaza oili mpya kupitia tundu la kijiti, kwa faneli ndefu nyembamba, kiasi kilekile kilichotoka. Washa, pitisha gia zote, pima. Endesha hadi lipate moto, pima tena kwenye HOT.

7. Umebadilisha sehemu tu. Sampo hutoa theluthi hadi nusu ya oili yote, iliyobaki imejificha kwenye konveta na mabomba. Endesha siku kadhaa, rudia, na ikibidi rudia tena. Kama kila mara unatoa nusu, baada ya mara tatu oili ya zamani iliyobaki ni karibu asilimia 12.

Ile mashine ya kusukuma oili kwa shinikizo siipendi kwa giaboksi iliyokaa miaka bila huduma. Inang'oa uchafu wote kwa pamoja na kuupeleka kwenye valvu bodi, ambako njia zake ni nyembamba sana. Kumwaga na kujaza kwa awamu ni polepole lakini ni salama.

Wapo watakaokuambia oili mpya inaua giaboksi ya zamani. Kinachotokea ni kwamba klachi zilishaungua, mtu akabadilisha oili akitafuta muujiza, na lawama ikaangukia oili. Kama yako imeshakuwa nyeusi na inateleza, oili mpya haitaiponya, lakini si yenyewe iliyoiua.

Kwa gari linalopanda vilima kila siku, mimi nisingevuka kilomita 50,000 kabla ya kumwaga. Kwa gari ulilolitoa bandarini wiki iliyopita, badilisha sasa. Mita yake inaweza kusema chochote. Oili ya zamani usiimwage mtaroni: mitaro yetu yote inaishia ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa.

Baada ya kazi, kompyuta inaweza kuhitaji kujifunza upya. Endesha kwa upole siku mbili tatu, uiache ipite gia zote ikiwa ya baridi na ya moto. Kwa CVT za Nissan, valvu bodi ikibadilishwa lazima mashine iandike upya vipimo vyake, la sivyo itapiga teke kuliko mwanzo.

Kuegesha na kuendesha kwenye miteremko

Teke la asubuhi, lile la kutoka P, kwa watu wa Isamilo, Bugando na Capri Point mara nyingi linatokana na kuegesha. Mtu anasimama mtelemkoni, anaweka P, anaachia breki, gari linaserereka sentimita chache na uzito wote unaning'inia kwenye jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi. Asubuhi akivuta kutoka P, jino linaachia kwa kishindo. Fanya hivi: mguu ukiwa kwenye breki, weka N, kaza breki ya mkono, achia breki ya mguu polepole hadi gari litulie juu ya breki ya mkono, kanyaga tena, ndipo uweke P. Kama breki yako ya mkono haishiki, itengeneze kwanza, kisha uje kwenye giaboksi.

Ukikwama kwenye foleni ya kupanda, usilizuie gari kwa kukanyaga mafuta kidogo. Konveta inachemsha oili ikizunguka bila kwenda popote. Tumia breki. Ukiona gari linapanda gia na kuishusha kila mara mlimani, bonyeza O/D izime, au tumia 2, hadi ufike juu. Kushuka nako, shuka na 2 au L, breki zitakushukuru. Usiweke D gari likiwa bado linarudi nyuma, hata kidogo, subiri lisimame. Wanaobeba magunia ya dagaa kwenye Noah kutoka Mwaloni waliangalie hili zaidi ya wengine wote.

Likiharibika njiani, tuseme Usagara au ukishavuka daraja la Kigongo–Busisi, usilivute kwa kamba magurudumu yanayosukuma yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu ya giaboksi haizunguki, na giaboksi inakauka inapozunguka. Ita gari la kubebea, au vuta magurudumu yanayosukuma yakiwa yameinuliwa.

Ikifika mahali pa kubadilisha giaboksi

Oili nyeusi yenye vipande vya chuma, inateleza kwenye gia zaidi ya moja, mauntini na injini zimeshakaguliwa: hapo ndipo pa kuzungumza habari ya giaboksi nyingine. Kabla ya hapo mwulize fundi kama kosa ni la solenoidi au valvu bodi peke yake, maana hivyo hubadilishwa bila kushusha giaboksi kwenye magari mengi.

Ukinunua ya mtumba, linganisha msimbo na ile picha ya kibati, herufi kwa herufi. IST mbili zinazofanana nje zinaweza kuwa na giaboksi tofauti kwa sababu moja ina injini ya 1.3 na nyingine 1.5. Chomoa kijiti, nusa oili iliyobaki ndani. Iliyoungua iache hapohapo. Tazama soketi kama zina kutu ya maji. Simama karibu wakati wa kufunga: mabomba ya kwenye rejeta yaoshwe kabla, kwa sababu chuma cha giaboksi iliyokufa bado kimo humo, na konveta iingie hadi mwisho kwenye giaboksi kabla ya kuunganishwa na injini. Fundi akivuta bolti ili kuilazimisha ikutane, anapasua pampu ya oili, na giaboksi uliyoinunua asubuhi inakuwa chuma chakavu jioni.

Dhamana iandikwe kwenye risiti pamoja na msimbo wa giaboksi na tarehe. Muuzaji akisema hawaandikagi hivyo, nenda duka la pili.